Kuamsha Gari Lililolala Majira Yote ya Baridi

Desemba ni mwezi wa kwenda nyumbani. Ndugu wengi wanaoishi Minneapolis, Toronto au Stockholm hupanda ndege kabla ya Krismasi, wakala sikukuu Dar, Mombasa au Bujumbura, wakanogewa na jua hadi Machi. Gari hubaki bandani, au uani likizikwa na theluji. Siku ya kurudi mtu ana uchovu wa safari, kazini anatakiwa Jumatatu, na anachotaka ni kupiga stata aende zake. Magari mengi huumizwa hapo. Miezi mitatu ya kulala hailisumbui sana gari zima. Linaloliumiza ni dakika ya kwanza ya kuamshwa ovyo.

Mwongozo huu ni wa gari la kawaida la petroli lenye injeksheni, lililolala kati ya miezi miwili na sita. Dizeli na haibridi nitazigusa baadaye. Kama gari limelala mwaka au zaidi, mwite fundi, kwa sababu hapo kuna mambo ya kumwaga tangi na kufungua plagi ambayo si ya kufanya peke yako kwenye barafu.

Kabla ya yote niseme jambo moja kuhusu shemeji. Watu wengi humwachia ndugu funguo wakamwambia, "Uwe unaliwasha dakika kumi kila wiki." Nia ni njema lakini gari linaumia. Injini inapowaka hutengeneza maji, ndiyo yale unayoyaona yakidondoka kwenye ekzosi asubuhi. Dakika kumi za kuunguruma pasipo kwenda popote haziipashi oili moto wa kutosha kuyakausha maji hayo, basi yanabaki ndani ya injini na ndani ya ekzosi yakila chuma. Betri nayo hupoteza nguvu nyingi kwa stata kuliko inazorudishiwa. Gari ama lilale moja kwa moja, ama liamshwe na kuendeshwa nusu saa barabarani. Shemeji kama hana muda wa kuliendesha, aliache.

Vifaa, na siku ya kufanya kazi

Utahitaji glavu, tochi, mita ya volti (ya bei rahisi inatosha), chaja ya betri, kipima upepo wa tairi, brashi ya waya, lita moja ya oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na spana namba 10, ambayo ndiyo inayofungua vichwa vya betri kwenye Toyota na Honda nyingi.

Chagua siku. Kwenye baridi ya -18°C betri hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na wakati huohuo oili huwa nzito na injini ngumu kuzungushwa. Kama nje ni -25 na utabiri unasema keshokutwa itakuwa -5, subiri keshokutwa. Panda basi kwanza. Wenzetu wa Winnipeg na Edmonton wengi wana hita ya injini, ule waya wenye plagi ya umeme unaochungulia mbele ya gari. Kama unao, uchomeke saa mbili hadi nne kabla ya kuwasha.

Hatua ya kwanza: zunguka gari, kisha tafuta ekzosi

Usifungue mlango kwanza. Lizunguke gari taratibu, uangalie chini kama kuna madoa, uangalie matairi kama limo lililokaa chini, na uondoe theluji yote, hasa nyuma. Theluji ikiziba mdomo wa ekzosi, moshi hurudi chini ya gari na kupenya ndani, na watu wamekufa hivyo wakiwa wamekaa na hita wakisubiri kioo kiyeyuke. Chimba mpaka mdomo wa ekzosi uonekane wote na pawe na nafasi ya kutosha nyuma yake, kisha mulika ndani kwa tochi, maana panya hupenda kushindilia humo majani na vitambaa.

Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Ndiyo ileile inayoua watu kwetu wanapolala na jiko la mkaa chumbani. Kwa hiyo usiwashe gari ndani ya banda ukakaa nalo, hata kama mlango mkubwa uko wazi. Mabanda mengi ya Marekani na Kanada yameungana na nyumba, na gesi hupita mlango wa jikoni hadi vyumba vya kulala. Liwashe ukiwa tayari kutoka, mlango wa banda umefunguliwa wote, na litoe nje papo hapo. Afadhali zaidi, kama linaweza kusukumwa, lisukumwe nje kwanza. Mtindo wa kuwasha gari kwa rimoti ukiwa sebuleni uuache kabisa kama gari liko bandani.

Hatua ya pili: nani alikuwa mpangaji?

Fungua boneti. Panya wa Amerika Kaskazini hawana mchezo: Novemba tu baridi ikianza wameshahamia kwenye gari lisilotembea. Mahali pao pa kwanza ni boksi la eaklina, yaani la chujio la hewa ya injini, kwa kuwa ni pakavu na chujio ni kitanda tayari. Fungua vibanio vyake, toa chujio, mulika. Kisha angalia juu ya injini chini ya kile kifuniko cha plastiki, kando ya betri, na chujio la hewa ya ndani ambalo kwenye magari mengi liko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Ukipuuza hili la mwisho, siku utakayowasha feni utapuliziwa usoni takataka za miezi mitatu.

Ukikuta kiota au kinyesi, usifagie na usipulize kwa hewa. Baadhi ya panya wa huku hubeba virusi vya hanta, na mtu huvipata kwa kuvuta vumbi la kinyesi na mkojo wao. Vaa glavu na barakoa, acha milango wazi kwa muda, lowesha pote kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini (kipimo kimoja cha dawa kwa tisa vya maji), ngoja dakika tano, ndipo uokote kwa karatasi na kufunga kwenye mfuko. Maji hayo ya klorini usiyaelekeze kwenye soketi za umeme. Hapo futa kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Halafu waya. Fuata kila waya unaoweza kuuona ukitafuta palipotafunwa, rangi ya shaba ikichungulia. Waya uliotafunwa unaweza kulizuia gari lisiwake, lakini pia unaweza kugusana na chuma ukawasha moto. Ukiona shaba, simama hapo, mpigie fundi. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Honda huuza mkanda wa kufungia waya uliotiwa ukali wa pilipili ili panya akionja aache. 

Kama gari lilikaa nje, gonga boneti kwa kiganja kabla ya kuwasha. Paka wa mtaani hujikunyata juu ya injini kutafuta joto.

Hatua ya tatu: betri

Hapa ndipo penye kazi. Hata gari likiwa limezimwa, saa, alamu na kompyuta huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo, na miezi mitatu inatosha kuimaliza betri yenye umri wa miaka minne au mitano.

Pima volti kabla hujagusa kitu kingine. Gari likiwa limezimwa na taa zote zimezimwa, betri iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.4 bado ina karibu robo tatu na huenda itawasha. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, basi ichaji kwanza. Ikisoma chini ya 12.0, sogea karibu na uitazame vizuri, kwa sababu hapo kuna hatari ambayo wengi hawaijui.

Betri iliyojaa haigandi hata kwenye -50°C. Betri iliyokwisha, ile tindikali yake imebaki karibu maji matupu, na huweza kuganda kwenye -7 au hapo karibu. Barafu ikitanuka ndani huvimbisha mbavu za betri au kuipasua. Ukiona imevimba, ina ufa, au maji yake yamekuwa barafu, usiichaji na usiibusti, yaani usiiunganishe kwa waya na betri ya gari jingine. Betri iliyoganda ikipelekewa umeme inaweza kulipuka na kukumwagia tindikali usoni. Ifungue, ipeleke mahali penye joto pasipo watoto iyeyuke yenyewe, halafu iangaliwe dukani. Mara nyingi jibu litakuwa kununua mpya. Maduka mengi ya vipuri Marekani hupima betri bure, kwa hiyo huna sababu ya kubahatisha.

Kama ni nzima ila imeshuka, ichaji polepole usiku kucha kwa chaja ya ampea chache. Chaja za kisasa hujizima zenyewe. Kabla ya kuunganisha, safisha ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea na brashi ya waya. Ukifungua betri, anza na hasi, na ukirudisha, malizia na hasi. Ukikosea mpangilio, spana yako ikigusa bodi wakati unafungua chanya, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Wengi hawatachaji, watamwita jirani aje na waya za kubusti. Haya, lakini fuata mpangilio huu, magari yote mawili yakiwa yamezimwa na yasigusane:

1. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.
2. Ncha ya pili ya mwekundu kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Ncha ya mwisho ya mweusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri.

Usifunge ncha hiyo ya nne kwenye betri yenyewe. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hushika moto kirahisi. Cheche ya mwisho inapaswa kutokea mbali nayo. Washa lile gari lenye betri nzima, liache dakika tano au kumi lilishe betri iliyokufa, ndipo ujaribu. Likiwaka, toa waya kwa mpangilio wa kinyumenyume, kuanzia na ile ncha ya chuma.

Ufunguo wa rimoti nao una betri yake ndogo. Gari la kitufe likikwambia ufunguo haupo, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia kisha ukibonyeze. Magari mengi huutambua hivyo hata betri yake ikiwa imekwisha.

Hatua ya nne: oili na maji

Vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ifute, irudishe, ivute tena. Usawa uwe kati ya alama mbili. Ukikuta oili imepanda juu kuliko ulivyoiacha, au ina rangi ya chai ya maziwa, usiwashe: huenda maji yameingia. Utando kidogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha kujazia si ajabu kwa gari la safari fupi, lakini kwenye dipstiki ni habari nyingine.

Kulanti, yaani maji ya kupoza injini, itazame kwenye chupa yake ya plastiki injini ikiwa baridi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hustahimili hadi karibu -37°C. Wasiwasi wangu ni kwa wale waliokuwa wakijazia maji ya bomba kiangazi kizima. Ukikuta imeganda, au yenye vipande vya barafu kama juisi ya kwenye friza, usithubutu kuwasha. Injini ikiwaka na maji hayazunguki, itachemka huku nje kukiwa na theluji. Gari livutwe hadi gereji yenye joto. Mafuta ya breki na mkanda wa feni, tupia jicho tu.

Hatua ya tano: petroli

Petroli huchakaa. Minnesota, kwa mfano, sheria inataka petroli ya kawaida iwe na ethanoli, na kiwango kilichozoeleka ni asilimia 10. Ethanoli hunyonya unyevu, na maji yakizidi hutengana na kutua chini ya tangi, mahali hasa pampu inaponyonya. Miezi mitatu kwa tangi lililojaa si neno. Baada ya mitatu hadi sita, hasa tangi likiwa nusu, gari linaweza kuwaka kwa shida na kutetemeka. Fungua kifuniko unuse: petroli iliyoharibika hunuka kama vanishi ya samani. Ikiwa hivyo, imwagwe na fundi. Ikiwa ni nzima ila ya zamani, panga safari yako ya kwanza ipitie kituo cha mafuta ukajazie mpya juu yake. Vipo vituo vinavyouza petroli isiyo na ethanoli kwa ajili ya boti, magari ya kale na mashine za bustani. Mwakani ukijaza hiyo kabla ya kuondoka, pamoja na dawa ya kutunza petroli, utakuwa umejipunguzia kazi.

Hatua ya sita: kupiga stata

Kaa, funga mkanda, hakikisha giya iko P, au huru kama ni la giya za mkono, na ukanyage klachi. Zima hita, redio, taa na joto la viti. Kila ampea iende kwenye stata.

Weka swichi mahali taa za dashibodi zinapowaka, bila kupiga stata. Utasikia pampu ya petroli ikivuma nyuma sekunde mbili tatu. Zima, rudia mara mbili. Hiyo hujaza petroli kwenye bomba ambalo limekaa bila presha majira yote.

Sasa oili. Gari likilala, oili yote hushuka chini, na vyuma vya juu hubaki na utando mwembamba tu. Kwenye magari mengi ya injeksheni, ukikanyaga ekseleta hadi mwisho kabla ya kupiga stata na kuishikilia hapo, kompyuta hukata petroli. Injini huzungushwa bila kuwaka, na pampu hupata nafasi ya kupandisha oili. Sekunde tano sita zinatosha. Kwa miezi miwili au mitatu wala si lazima. Kwa sita, mimi ningefanya.

Achia ekseleta kabisa, piga stata. Isizidi sekunde kumi kwa mara moja. Isipowaka, pumzika angalau nusu dakika, jaribu tena. Stata hupata moto haraka na ni ghali. Isipowaka baada ya mara nne au tano, acha. Kuendelea kukaza hakutabadilisha kitu isipokuwa hali ya betri. Ile dawa ya kupulizia kwenye eaklina ili gari liwake kwa nguvu, iache dukani.

Ikiwaka, macho yote kwenye taa nyekundu ya oili. Izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini mara moja, usisubiri "labda itazimika". Mguu usiguse ekseleta. Kelele ya tak-tak-tak sekunde za mwanzo ni ya kawaida oili ikipanda; ikiendelea zaidi ya dakika, zima. Moshi mweupe unaotoweka hewani ni mvuke. Kuunguruma kwa kusuasua dakika za kwanza, hasa kama betri ilifunguliwa, ni kompyuta inajifunza upya.

Usikae unapasha injini nusu saa. Nusu dakika hadi dakika moja hivi, mbili kama kuna baridi kali, ondoka taratibu. Injini hupata joto upesi ikiwa inafanya kazi.

Hatua ya saba: kuondoka

Handibreki iliyofungwa miezi mitatu huweza kung'ang'ania. Gari likikataa kusogea, nenda mbele na nyuma kwa upole mara chache. Usikanyage mafuta kwa hasira. Diski za breki zitakuwa na kutu ya juujuu na zitakwaruza. Kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa kwenye mwendo mdogo mahali pasipo na watu, kutu itafutika.

Matairi hushuka karibu psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kila baridi inapoongezeka kwa nyuzi 5 au 6. Yaliyojazwa Agosti kwenye nyuzi 30, ukiyapima kwenye -20 utakuta yamepungua psi 9 hivi, bila pancha yoyote. Jaza kulingana na kibandiko cha kwenye mlango wa dereva. Mtetemo wa kilomita za kwanza hutokana na tairi kulalia upande mmoja, na kwa kawaida huisha likipata joto.

Endesha nusu saa bila kuzima, uipe betri nafasi ya kujaa. Ila kabla ya kuingia barabarani, hakikisha unaruhusiwa. Kama uliipunguza bima iwe ya gari lililoegeshwa, irudishe kwanza. Sweden gari lililosajiliwa kuwa limesimamishwa lazima lirudishwe kwenye matumizi, na Uingereza gari lenye SORN, yaani lililotangazwa rasmi kuwa halitumiki, haliruhusiwi barabarani isipokuwa kwenda kwenye ukaguzi wa MOT ulioupangia miadi.

Dizeli na haibridi

Dizeli ya kiangazi huganda kama samli kwenye baridi kali, hivyo tangi linapaswa kuwa na dizeli ya majira ya baridi kabla ya kulazwa. Subiri taa ya koili (vile vipasha moto vya ndani ya injini ya dizeli) izimike kabla ya kupiga stata, mara mbili tatu kama kuna baridi sana, na dawa ya kupulizia hapa ni hatari kweli: koili huwa nyekundu kwa moto.

Prius na ndugu zake, ambazo madereva wa teksi wengi wa kwetu huzipenda, zina betri ndogo ya volti 12 pembeni ya ile kubwa, na ndogo ikifa gari zima linakuwa bubu. Kwenye Prius nyingi betri hiyo iko nyuma, lakini chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, kuna kichwa cha kubustia. Nyaya nene za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa. Panya akizitafuna, usiziguse hata kwa glavu.

Asubuhi ya pili

Laza gari juu ya kipande cha boksi safi usiku wa kwanza, na asubuhi usome madoa. Maji matupu si kitu. Kahawia au nyeusi ni oili ya injini, nyekundu mara nyingi ni ya giyaboksi, kijani au waridi yenye harufu tamu ni kulanti, na hiyo ifute haraka kwa sababu ni sumu kwa mbwa na paka. Oili ikiwa haikubadilishwa kabla ya kulaza gari, ibadilishe wiki hiyo. Ukikuta doa la njano nyepesi karibu na gurudumu, hayo ni mafuta ya breki: gari lisiondoke hapo mpaka fundi aje, au livutwe.